Kuirekebisha shotgani ya kuwindia iwe ya kulinda nyumba: kwa tunaoishi Marekani

Shotgani niliyonunua hapa Houston ilikuwa Mossberg 500 ya kuwindia bata, mtutu wa inchi 28, kitako kirefu, ya mtumba lakini safi. Nilidhani kazi imekwisha. Usiku ule ule nikaibeba ikiwa tupu, nikatembea nayo kutoka chumbani hadi mlango wa watoto. Mtutu ukagonga fremu ya mlango. Nilipogeuka, ukakwaruza ukuta wa korido. Mama watoto akaijaribu: mkono wake wa kushoto haukuifikia pampu, kile kishikio cha mbele cha kuvuta na kusukuma, mpaka anyooshe kiwiko hadi mwisho, na kitako kikamteleza kutoka begani hadi karibu na kwapa. Bunduki ilikuwa nzima, ila haikutoshea nyumba wala watu waliomo.

Yanayofuata ni marekebisho tuliyoyafanya, kwa mpangilio ninaoupendekeza. Nimeandika kwa wenzangu walioko Marekani kwa kuwa sheria ninazozizungumzia ni za huku. Mtu aliyeko Dar au Mombasa asizihamishe hatua hizi. Huko umiliki wa silaha una leseni na masharti yake mwenyewe.

Kabla ya kushika bisibisi

Anza na karatasi zako. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, kama ya masomo, matembezi au kazi ya muda, kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache iliyotajwa na sheria yenyewe, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grinikadi, anaruhusiwa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume wake, hata kama kosa lilihesabiwa dogo, haruhusiwi. Fomu 4473 utakayojaza dukani inauliza yote haya, na kusema uongo humo ni kosa la jinai ambalo kwa mhamiaji linaweza kuishia kwenye ndege ya kurudi nyumbani. Kama hadhi yako ina utata wowote, muulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

La pili ni urefu. Tangu mwaka 1934 sheria ya shirikisho inataka shotgani yenye mtutu chini ya inchi 18, au yenye urefu wa jumla chini ya inchi 26, isajiliwe ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kabla haijatengenezwa. Ukiikata bila usajili, adhabu inafika miaka 10 jela. Kwa hiyo hakuna hatua ya msumeno katika mwongozo huu. Mtutu mfupi unanunuliwa ukiwa umetoka kiwandani hivyo, wa inchi 18.5, na ile nusu inchi imeachwa makusudi ili usikaribie mpaka wa sheria. Kuupima ni rahisi: bunduki ikiwa tupu na imefungwa, ingiza ufito wa mbao mdomoni mwa mtutu mpaka uguse bolti, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, weka alama ya penseli ufito unapotokeza, utoe, pima kwa futi ya fundi. Majimbo mengine yana sheria zake juu ya idadi ya risasi na aina ya kitako, kwa hiyo soma za jimbo lako.

Kisha toa risasi zote. Vuta pampu nyuma, angalia kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na ndani ya magazini, lile bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu, halafu ingiza kidole uhakikishe, maana macho yakichoka huona kile yanachotarajia kuona. Risasi zipeleke chumba kingine. Sisi tunaziweka juu ya jokofu jikoni na kufanyia kazi gereji, ili atakayezihitaji alazimike kuinuka na kutembea.

Hatua ya kwanza: pima nyumba

Watu wengi huanzia dukani. Wewe anza na futi ya mkononi. Pima umbali mrefu zaidi ambao unaweza kumwona mtu ndani ya nyumba yako. Kwetu ni mita 9, kutoka mlango wa chumba chetu hadi mlango wa mbele. Andika. Namba hiyo utaihitaji siku ya kwenda kwenye uwanja wa shabaha.

Halafu gonga kuta. Tuliokulia kwenye nyumba za tofali za saruji tuna mazoea ya kuamini kwamba ukuta ni ukuta. Nyumba za huku, kuta za ndani ni mbao za mbili kwa nne zilizopigiliwa jipsamu ya nusu inchi kila upande, na katikati hewa tupu. Marisau, zile golori nyingi zilizomo ndani ya risasi moja ya shotgani, yakiwa makubwa hupita kuta kadhaa za namna hiyo na bado yana nguvu ya kuua. Hata yale madogo ya kuwindia ndege, kwa umbali wa korido huenda yakiwa bado yameshikamana kama donge, na yanatoboa. Kwa hiyo chora ramani ya nyumba kwenye karatasi: nani analala wapi, na nyuma ya kila ukuta kuna nini. Tia alama nyekundu kila upande ambao huwezi kuelekeza bunduki hata iweje. Kwetu alama nyekundu zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na tukahamisha kitanda cha mtoto mdogo siku hiyo hiyo.

Ukiwa unaishi kwenye apatimenti yenye jirani kila upande, ninakushauri kwa dhati uanze na mlango: komeo imara, skrubu za inchi 3 kwenye bawaba na kwenye bamba la kufuli badala ya zile fupi za kiwandani, na taa ya nje inayowaka mtu akipita. Hata mwenye nyumba yake peke yake ayafanye haya. Mlango unaochelewa kuvunjika unakupa muda wa kupiga 911 na kukusanya watoto chumba kimoja, na muda huo hakuna bunduki inayoweza kuununua.

Hatua ya pili: mtutu na kile kijiti

Kwa Mossberg 500, vuta pampu hadi nusu ya safari, fungua skrubu kubwa iliyo mwisho wa magazini kwa vidole, kisha vuta mtutu kuelekea mbele. Unatoka. Mtutu mpya unaingia kwa njia ile ile, skrubu unaikaza kwa mkono.

Tatizo liko kwenye ununuzi. Mtutu wa 590, ambayo ni Mossberg ya aina nyingine, hauingii kwenye 500, na hata ndani ya 500 yenyewe mtutu lazima ulingane na urefu wa magazini. Muuzaji mmoja aliniuzia mtutu wa bunduki ya risasi 8 huku akiniapia utaingia. Nyumbani tukakuta skrubu yake haifiki kwenye mwisho wa magazini. Nenda na bunduki yenyewe kwa fundi bunduki, au piga namba ya mtengenezaji umtajie namba ya silaha.

Mtutu ukiwa umetoka, angalia kama magazini ina kijiti ndani. Bunduki nyingi za kuwindia huja na kijiti hicho ili zisibebe zaidi ya risasi 3 kwa jumla, kwa ajili ya sheria ya ndege wanaohama. Kwa Mossberg 500, inamisha mdomo wa magazini chini na kuitikisa, kitadondoka. Kama jimbo lako linaruhusu, kiache nje, kihifadhi kwa msimu wa kuwinda. Mwenye Remington 870, shotgani nyingine ya pampu, awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa springi ya magazini yake imebanwa na inaweza kukurukia usoni. Vaa miwani.

Hatua ya tatu: kitako

Hapa ndipo ningetumia pesa yangu ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kipimo kinachohusika ni umbali kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako. Mossberg 500 ya kawaida ina karibu inchi 14, Remington 870 kama inchi 14, na vipimo hivyo vilikusudiwa mwanamume mrefu aliyesimama uwanjani akifuata ndege angani. Ndani ya nyumba unasimama umeukabili mlango, kifua mbele, magoti yamekunjwa kidogo. Inchi 12.5 inawatosha watu wengi, na mtu mrefu hapati taabu na kitako kifupi kama mfupi anavyopata taabu na kirefu. Ndiyo sababu bunduki ya nyumba pimieni mwili wa aliye mdogo kati ya watu wazima watakaoitumia.

Namna ya kupima: akunje mkono kwa pembe mraba, weka mwisho wa kitako kwenye kikunjo cha kiwiko, kidole kiwe kimenyooka pembeni mwa kifuniko cha triga. Ncha ya kidole ikifika kwenye triga kwa urahisi, umekaribia. Kisha aiweke begani akiwa amevaa nguo za kulalia, siyo jaketi, na aivute pampu mpaka mwisho na kuisukuma mpaka mwisho mara 10. Akianza kuegemea nyuma kiunoni ili aweze kuibeba, bado ni ndefu.

Magpul hutengeneza kitako kiitwacho SGA, cha Mossberg 500 na 590 na kingine cha Remington 870, chenye vipande vya kuongeza au kupunguza urefu kutoka inchi 12.5 hadi 14.5, nusu inchi kwa nusu inchi. Kukibadilisha: kwenye mpira wa nyuma wa kitako cha zamani kuna matundu mawili madogo yanayoficha skrubu za msalaba. Paka bisibisi sabuni kidogo ili isichane mpira, fungua, toa mpira. Ndani kuna tundu refu na bolti chini kabisa. Inahitaji bisibisi bapa ndefu, ya futi moja hivi. Fungua, vuta kitako moja kwa moja kwenda nyuma bila kukizungusha. Kipya funga kwa bolti kilichokuja nacho.

Usinunue kishikio cha bastola kisicho na kitako, kile wanachopenda kwenye sinema. Bunduki isiyoegemea begani hailengwi. Kingine ambacho hakisemwi sana: sefti ya Mossberg, kile kitufe kinachozuia bunduki isifyatuke, iko juu, nyuma ya bolti, mahali ambapo kidole gumba hupita chenyewe ukiwa na kitako cha kawaida. Ukiweka kitako chenye kishikio kilichosimama wima, gumba linabaki chini na huifikii sefti bila kuachia. Mwenye 870, ambayo sefti yake iko nyuma ya triga, hana shida hiyo.

Na kama bega la mtu bado linaumia, badilisha risasi. Zipo za teke jepesi, mwendo wake ni mdogo kuliko zile za kuwindia na kazi inafanyika. Wengine huchagua bunduki ya geji 20 ambayo ni laini zaidi (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12). Ila geji 12 na geji 20 zisikae nyumba moja. Risasi ya geji 20 ikiingia kwa makosa kwenye geji 12 huteleza na kukwama mbele ndani ya mtutu, unadhani chemba ni tupu, unaweka nyingine nyuma yake, na mtutu unapasuka mkononi mwako. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hupakwa rangi ya njano.

Hatua ya nne: mwanga

Kijana wangu mkubwa ana tabia ya kushuka saa nane za usiku kunywa maji bila kuwasha taa. Anatembea taratibu ili asituamshe. Kwa mtu aliyeshtuka usingizini, hatua zile ni za mwizi kabisa. Kwa ajili yake nasema hivi: bunduki isiyo na tochi isihesabiwe kuwa ya kulinda nyumba. Usimfyatulie mtu usiyemwona uso na mikono.

Tuliyofunga ni Streamlight TL-Racker, ambayo ni pampu na tochi kwa pamoja, mwanga wa lumeni 1,000, betri mbili za CR123A. Unatoa pampu ya zamani na kuweka hiyo. Kwenye Mossberg kuna nati mbele ya pampu inayohitaji spana maalumu yenye meno mawili, na kama huna, fundi ataifungua kwa dakika chache. Usiing'oe kwa koleo, utaharibu meno yake. Kitufe kinakaa pale vidole vya mkono wa mbele vinapokamata, kwa hiyo huhitaji kuachia kitu.

Lakini kumulika kwa tochi ya bunduki ni kuelekeza bunduki. Kwa hiyo mdomo wa mtutu uinamishe sakafuni mbele ya miguu yako. Lumeni 1,000 zikipiga sakafu au kapeti jeupe zinarudi na kuangaza chumba kizima, na unamwona aliyesimama bila kumlenga. Jaribuni hivyo na bunduki tupu, taa zimezimwa, mtashangaa. Weka pia tochi ya kawaida kando ya kitanda, na taa ndogo ya plagi kwenye korido ikae inawaka usiku kucha. Kabla ya yote, itana kwa majina kwa sauti. Sisi tumekubaliana na watoto: ukisikia jina lako, jibu ulipo na usisogee.

Mambo madogo, haraka

Risasi za akiba zikae kwenye mkanda wa mpira uliogandishwa kwa velkro ubavuni mwa bunduki, 4 au 5 zinatosha. Vishikio vya risasi vya chuma vinavyofungwa kwa skrubu ni imara, lakini ukivikaza sana vinabana mwili wa bunduki na bolti inaanza kukwama. 870 inajulikana kwa hilo.

Shanga ya kulengea iliyo mbele ya mtutu ipake rangi nyeupe chini na ya chungwa inayong'aa juu. Rangi ya kucha inafaa.

Mkanda wa begani mzuri ni kwa porini. Ndani ya nyumba hunasa kwenye vitasa vya milango. Tumeutoa.

Skrubu zote za vitu ulivyoongeza zitilie tone la gundi ya skrubu ya bluu. Ile nyekundu usiitumie, haifunguki mpaka uipashe moto.

Sefti yenyewe, triga na vilivyo ndani, usiguse. Chini ya kile kitufe cha Mossberg kuna golori ndogo na springi vinavyoruka na kupotea kwenye kapeti, na bunduki isiyo na sefti ya kuaminika haifai kukaa kwenye nyumba yenye watoto.

Hatua ya tano: uwanjani

Chukua aina mbili au tatu za risasi unazofikiria, karatasi kubwa, na ile namba uliyoandika. Marisau ya 00, yale makubwa, yana kipenyo cha inchi 0.33, na risasi moja kwa kawaida hubeba 8 au 9. Pachika karatasi kwenye umbali wa mwisho wa nyumba yako, piga moja tu, andika jina la risasi na umbali, badilisha karatasi. Kisha rudia kwenye mita 5.

Utaona tofauti kubwa. Risasi moja itatawanya marisau upana wa sinia, nyingine, kutoka mtutu ule ule, itayaweka kwenye upana wa kiganja. Federal, watengenezaji wa risasi, wana aina waitayo FliteControl ambayo kikombe chake cha plastiki huyashikilia kwa muda mrefu, na kwenye mita 9 marisau yetu yote yaliingia kwenye mduara unaofunikwa na sahani ya chai. Chagua ile inayobana. Kila chembe isiyoingia kwenye shabaha imeenda ukutani, na ramani ya nyumba unayo.

Ukikuta chembe moja inakwenda kando peke yake kila mara kwenye risasi ya chembe 9, jaribu ya 8. Hutokea mara nyingi na mara nyingi hutibika hivyo.

Piga angalau 25 na bunduki ikiwa na kila kitu ulichoongeza, taa ikiwaka. Aliye mdogo naye apige. Angalia kosa moja hasa: kuvuta pampu bila kuifikisha mwisho. Ganda halitoki au risasi mpya haiingii, na ni kosa la binadamu, bunduki haina tatizo. Dawa yake ni mazoezi ya nyumbani kwa risasi bandia za plastiki.

Hatua ya sita: itakaa wapi

Ikae ndani ya kabati la chuma linalofunguka kwa namba, lililofungwa ukutani kwa bolti. Texas inamhesabu mkosaji mtu anayeiacha kwa uzembe bunduki yenye risasi na mtoto chini ya miaka 17 akaifikia, na kosa huwa zito zaidi mtoto akiifyatua na mtu akaumia vibaya au kufa. Chini ya kitanda na juu ya kabati la nguo si mahali pa kuhifadhia.

Sisi huiweka hivi: chemba tupu, magazini imejazwa, sefti imefungwa. Shotgani nyingi za pampu zikidondoka na risasi chembani zinaweza kufyatuka zenyewe. Ili uifikishe hali hiyo, ondoa risasi zote, hakikisha kwa macho na kidole kama mwanzo, funga bolti, elekeza mahali salama na ubonyeze triga mara moja ikiwa tupu, funga sefti, ndipo ujaze magazini. Ukiihitaji, unaikoki mara moja tu na kufungua sefti.

Namba ya kabati anaijua mama watoto na mimi. Karatasi yenye anwani yetu kwa Kiingereza imebandikwa ndani ya mlango wa kabati kwa sababu usiku wa hofu hata anwani yako husahaulika, na anayepokea simu ya 911 huiuliza kabla ya yote. Bibi, ambaye Kiingereza chake ni kidogo, amefundishwa neno moja la kutaja, "Swahili", ili atafutiwe mkalimani.

Saa zinapobadilishwa, Machi na Novemba, tunafungua kabati mchana: betri mpya kwenye tochi, skrubu zinakaguliwa, risasi zinahesabiwa na kufutwa, pampu inavutwa mara 10. Na kitako kinapimwa upya kwenye kiwiko cha kijana mkubwa, ambaye mwakani anatimiza 18 na ameanza kuuliza lini ataenda na sisi uwanjani.